Nimeyapa Alama Madonge ya Mama Mkwe

Mpendwa mshauri, nakuandikia nimeinamisha kichwa, naomba uniokoe kabla uchumba wangu haujafia mezani. Mimi ni fundi paa wa Kiel, nilianza na ngazi ya kuazima na leo nina mafundi kumi na wawili, nimefika hapa kwa kupima kila kitu, kwa hiyo kiangazi hiki mchumba wangu Kerstin aliposema tuzunguke nchi yetu tuonje vyakula vya kale, kila mji na chungu chake, nikawa napima: samaki wa siki wa kwetu pwani tisa juu ya kumi, soseji za kuchoma za Nuremberg nane, kabichi chachu ya Swabia sita, na Kerstin anacheka, "Haya mwalimu, sahihisha!", ndiyo maana sikuona hatari tulipofika kwao Thuringia, Jumapili, mama yake Hannelore ametuandalia madonge ya viazi vya kukwaruza, ya kuchemshwa, makubwa kama ngumi, anayopika kila Jumapili tangu aolewe, nami nikachukua kisu nikalikata donge katikati, baba yake, Mzee Lothar, akaninong'oneza, "Kijana, uma! Donge linachanwa kwa uma. Kisu ni kumwambia mpishi amepika jiwe," na mimi kwa kutaka kuzima moto nikasema kwa sauti, "Mama, laini kabisa! Nakupa saba."

"Saba?" akauliza mama. "Saba juu ya ngapi?"

Mshauri, nikajibu. Nikaongeza kwamba ya hoteli tuliyolala Erfurt yalipata nane.

Mama akavua aproni, akaikunja. "Basi kaleni hotelini."

Tangu siku hiyo hajapika donge. Jumapili Mzee Lothar anakula mkate na soseji baridi. Kerstin ameapa hakuna harusi mpaka jiko la mama yake liwake tena. Nimetuma maua, yamerudi. Hata kupita sokoni penye viazi naona haya. Lakini nami nimeumia, maana nilisema kweli! Paa likivuja, nisiseme?

Fundi Paa, Kiel

Fundi, pole. Aibu yako naiona, na inakufaa, usiifukuze haraka.

Mwenye paa linalovuja hukuita uje useme. Mama huyu alikukaribisha ule. Umekula kama msafiri ndani ya nyumba iliyotaka uwe mwana. Msafiri hulinganisha sahani na sahani, akalipa, akaenda zake. Mwana huuliza kama madonge yamebaki.

Na maua ya nini? Umelikosea jiko, unaomba radhi mlangoni? Panda treni Jumamosi. Nenda bila Kerstin, asije akakutetea. Usijieleze, na hiyo hoteli usiitaje. Sema tu, "Mama, nimekuja kukwaruza viazi." Akikufungia mlango, keti kizingitini; Mzee Lothar ana njaa, atafungua. Kwaruza vyote kwa mkono, vidole vikichubuka nyamaza, kisha vikamue kwenye mfuko wa kitambaa mpaka mabega yakuume, ndipo utajua kila Jumapili ya mama huyo ilikuwa na uzito gani. Mezani shika uma, omba la pili. Hesabu ziache juu ya mapaa.

Na mama akivitazama viazi vyako, akakunja uso, akasema, "Tatu juu ya kumi," wewe itikia, "Asante, mama." Hapo ujue umesamehewa.