Mahindi ya Nasike na Kidole cha Mama Yake

Mpendwa Mwalimu Jerono,

Naomba msaada wako na tafadhali usinicheke, kwa sababu ninaandika barua hii nikiwa na furaha na machozi kwa pamoja. Naitwa Nyaruai, kwetu ni Endebess, wazazi wangu ni wakulima waliotoka Nyeri, mimi nimeolewa Kimilili na Wabwile ingawa tunaishi Kitale, na Mungu ametujalia msichana, Nasike, ambaye hata miaka miwili hajafika, na Mwalimu, sisemi hivi kwa sababu ni wangu, huyo mtoto ana akili!

Alipokuwa bado wa kukaa kwa kuegemezwa mito, nilikuwa nikificha vijiko viwili nyuma ya leso kisha natoa kimoja, basi anaikodolea ile leso macho kama anayenidai kile kingine, na sasa ukimwekea njugu kidogo huku na nyingi kule, hakosei, anaenda kule kwa nyingi, tena anasema "moja, mbili, tano" mpaka wageni wanapiga makofi, na mimi hapo kando kichwa kimevimba kama nimeshinda ubunge.

Sasa shida yenyewe. Mwezi wa Agosti tulienda kwa mama mkwe, mahindi mabichi yanachomwa, watoto wa shemeji zangu wameketi mkekani jikoni, na mama mkwe akampa Nasike vipande vya mahindi awagawie wenzake. Akampa huyu, akampa yule, kila mmoja chake, mpaka vikaisha, akabaki amesimama mbele ya Tonny na mikono mitupu. Akamtazama Tonny, akatazama mikono yake, akarudi kwa nyanya yake akasema, "Ngine. Tonny." Akapewa, akapeleka, akarudi tena: "Na Asike."

Mwalimu, nilishindwa kujizuia. Nikaruka nikapiga vigelegele, nikaanza kuwanyooshea wale watoto kidole, moja, mbili, tatu, mpaka wa mwisho, ili kila mtu aone kwamba hesabu ya mtoto wangu imetimia, na Nasike naye akaniiga kwa kidole chake kidogo. Mama mkwe akaacha kugeuza mahindi. "Wewe Nyaruai! Watoto ya watu unahesabu na kidore ati kama magunia? Unataka tubaki na nani?"

Wiki hiyo hiyo Tonny akashikwa na malaria, akalazwa hospitali kule Lugulu. Alipona, asante Mungu, lakini tangu hapo mama mkwe hapokei simu zangu, na alimwambia mume wangu, "Huyo mtoto mnafundisha kuita kifo. Asigawe kitu kwangu tena." Wabwile naye anasema, "Si tuache tu mambo ya hesabu mpaka aende shule? Mama ni mama, bana." Mimi kwa hofu nikaanza kumchapa Nasike kidole kila anaponyoosha, kidogo tu, si kwa nguvu, na juzi nilipomwambia ampelekee baba kiazi, alificha mikono nyuma ya mgongo akaniangalia. Nililia, Mwalimu.

Jumapili ijayo kuna maombi ya shukrani kwa ajili ya Tonny na boma lote litakuwepo. Je, nimzuie mtoto akili yake, ama nimwambie mama mkwe ukweli, kwamba ule ni ushamba?

Nyaruai, Kitale

Mama Nasike,

Pokea hongera kwanza, halafu ukae chini nikugombeze.

Hongera ni ya yale mahindi. Hiyo "moja, mbili, tano" unayoringia wageni ni wimbo tu, kama nyimbo za kanisani ambazo watoto huimba bila kujua maana. Lakini kumpa kila mmoja chake, kugundua kwamba kuna mkono mtupu, na kurudi kuomba kile kilichopungua, hapo mtoto amefikiri. Hata mtoto wa miezi michache hushangaa vitu viwili vikifichwa kisha kikatokea kimoja tu. Namba zenyewe huja baadaye, polepole, "moja" ikieleweka kabla ya "mbili." Nilifundisha nasari Bungoma hadi nikastaafu, na nakwambia ningejivunia kuwa na mtoto huyo darasani. Jivunie, una haki.

Sasa makosa. Nasike hakuhesabu mtu yeyote. Aliyehesabu ni wewe, mama mzima, kwa kidole, katika jiko la mkweo. Na usiniambie hukujua, maana hata nyinyi mliotoka Nyeri mna mwiko huo huo wa kutohesabu watu. Muulize mama yako pale Endebess ana wajukuu wangapi, uone kama atakutajia namba. Atakwambia, "Wapo, Mungu anawatunza." Na kwenye barua uliwahesabu tena! Nimeifuta hiyo idadi, usinigombanishe na Kimilili nzima. Neno "ushamba" utalifuta mwenyewe.

Malaria huletwa na mbu, na mkweo anajua hivyo, ndiyo sababu Tonny alipelekwa hospitali. Lakini mwanamke aliyewahi kukesha na mtoto mgonjwa hapendi kusikia watoto wakihesabiwa. Ulimtia hofu nyumbani kwake mwenyewe, mbele ya watu wake.

Na hiyo ya kumchapa kidole imenikasirisha kabisa. Mtoto wa umri huo hunyoosha kidole kuuliza. Ukikichapa unamwambia asiulize tena, na kama ulivyoona, ameanza kukusikia. Acha leo, usingoje Jumapili. Mpe vijiko, aweke kimoja kwa kila kikombe. Mpe soksi atafute miguu yake. Hesabuni viazi, mayai, ngazi, vitu ambavyo havina mama wa kuvililia. Akificha mikono usimlazimishe; gawa wewe, makosa yawe yako, umwache akurekebishe. Baba yake naye mwambie kwamba akili ya mtoto haingoji sare ya shule.

Nenda Kimilili Jumamosi, kabla wageni hawajajaa. Beba sukari na majani ya chai, mfikie mkweo pale jikoni, useme, "Mama, nilikosa adabu, nisamehe." Kisha unyamaze. Usiongeze "lakini." Unaomba msamaha wa kidole chako, huombi msamaha wa akili ya mtoto wako.

Akishapoa, muulize huwa anajuaje jioni kwamba mjukuu mmoja hajarudi, ilhali yeye hahesabu watu. Nadhani atakwambia anaona sahani moja haijachukuliwa. Basi mwambie ndivyo anavyofanya Nasike, na umwombe amruhusu kugawa tena, yeye mwenyewe akiwa kando yake. Na kama bado ana wasiwasi, akikuuliza mtoto huyu alikuwa akifanya nini siku ile, usimletee mambo ya vitabu wala ya Mwalimu Jerono. Mjibu hivi: "Mama, sisi wakubwa wote tulikuwa jikoni, na hakuna aliyeona kwamba Tonny hajapata. Mjukuu wako ndiye aliyeona."