Alikufunga kwa Mguu Upi?

Nyumbani kwa mdogo wangu,
Jumatatu, tarehe 4.

Mpendwa Binamu Nyavu,

Hujambo, na wote wa nyumbani? Goti lako limepata nafuu? Mimi mzima, ila usingizi umenikimbia. Wiki nzima simu yako haipatikani, ndiyo maana barua hii inaletwa na muuguzi anayekuja huko kwenu likizo.

Binamu, mdogo wangu ni mgonjwa sana. Ana uvimbe kwenye ubongo, upande wa kulia. Watampasua Alhamisi ya wiki ijayo.

Nikueleze kidogo, wanijua mimi. Kwa watu wengi, usemi hukaa upande wa kushoto wa ubongo. Kwa mtu wa mkono wa kushoto, mara nyingine hukaa kulia. Mashine ya kuhakikisha imeharibika, hivyo daktari anategemea fomu: unaandika kwa mkono upi, unapiga mpira kwa mguu upi. Akiwa mtu wa kulia, atakata bila wasiwasi. Akiwa wa kushoto, atamwamsha katikati ya upasuaji na kumzungumzisha, asije akayakata maneno yake.

Fomu hiyo niliitafsiri mimi. Tulipoijaribu, fundi cherehani mmoja alijibu kulia kila swali, huku mkasi ameushika kushoto. Nilipomwonyesha, akacheka: "Mwalimu, umeniuliza kwa adabu, nami nimekujibu kwa adabu." Wengine walikuwa vivyo hivyo. Tuliwauliza tena baada ya wiki mbili, wakarudia majibu yaleyale, tukadhani fomu ni imara. Kumbe ni uongo uliokaririwa vizuri! Baadaye niliongeza swali: kabla hujaanza shule, ulitumia mkono upi? Lakini fomu iliyopo hospitalini ni ile ya kwanza. Niliipitisha kwa haraka, na sahihi yangu iko chini yake.

Mdogo wangu amejibu kulia kote. Kumjaribu siwezi, maana ugonjwa umemlegeza mkono na mguu wa kushoto. Nilipombana akasema, "Kaka, mbona unanihoji kama mwizi? Andika kulia, tulale." Shemeji alimkuta ukubwani. Wazazi hatunao. Mimi utoto wake wote nilikuwa shule ya bweni.

Umebaki wewe, uliyekaa golini nyuma ya karakana ya seremala, akakufunga mpaka ukabandikwa jina hili la Nyavu. Fumba macho, umwone anakuja na mpira. Alipiga kwa mguu upi? Na mawe, alirusha kwa mkono upi?

Usinijibu ili kunituliza. Kama hukumbuki, sema hukumbuki. Hata hilo nitampelekea daktari. Mwambie muuguzi hapohapo, atanipigia.

Naogopa, Binamu. Mtu aliyetuchekesha hata msibani, sitaki aamke akitutazama tu.

Msalimie mkeo, shangazi na wale mapacha. Mungu akulinde, na leo zaidi ya siku zote akukumbushe.

Nduguyo anayekupenda,
Kaka Mwalimu