Mtandao Chumbani kwa Mama

3 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kikohozi chako cha asubuhi kimekuacha. Mama naye anaendeleaje? Mimi sijambo, ila mikono yangu inanuka sabuni hata nikiwa usingizini. Hapa kwenye dobi ya hoteli tunapiga pasi mashuka kutwa nzima, na simu zetu zinafungiwa kabatini mpaka zamu iishe.

Jumapili nilikusikia nusunusu. Ulisema, "Mama yako ame," kisha kimya. Nimebaki na hilo "ame" wiki nzima. Amelala? Amepona? Amekasirika?

Najua nyumba yetu imejificha nyuma ya lile ghala la mabati, na mtandao haushiki mpaka mtu apande ngazi za jirani hadi juu kabisa. Wewe unapanda. Mama na magoti yake hawezi, ndiyo maana sijasikia sauti yake tangu mwaka jana. Sasa nimepata dawa. Kampuni yenu ya simu ina kisanduku kinachochomekwa kwenye internet ya nyumbani, na mpangaji wetu wa chumba cha mbele si tayari ameweka internet yake? Kisanduku kinaichukua hiyo internet na kuigeuza kuwa mtandao wa simu, basi humo ndani ni kama mna mnara wenu mdogo. Ile simu yenu ya vitufe haihitaji kujua lolote. Itaita tu, na Mama atapokea akiwa kitandani.

Nimeshakiagiza, watakileta hapo nyumbani. Mwombe mpangaji akichomeke. Mtu anayefundisha hesabu hawezi kushindwa na waya mmoja.

Mbusu Mama.

Binti yako


21 Februari

Binti yangu Chiriku,

Marahaba. Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu. Kikohozi kimebaki kidogo, kama mgeni asiyejua kuaga. Barua yako nimeipokea, na kama kawaida nimekagua mihuri: imekaa siku tano mahali fulani bila sababu. Enzi zetu tukipanga barua pale posta, mtu angeitwa ofisini kujieleza.

Kisanduku kimefika. Ni cheupe, kidogo kama mche wa sabuni. Nimekiweka juu ya kabati na kukifunika kitambaa kisiingie vumbi. Umeme siku hizi ni wa kubahatisha, nisije nikakiunguza kabla hakijafanya kazi. Na mpangaji yuko na mitihani ya wanafunzi wake, sitaki kumsumbua.

Lile "ame" lilikuwa "amekusalimu".

Mama yako anakula, analala vizuri. Cherehani ameipumzisha kidogo kwa sababu ya macho. Usihangaike na simu, mwanangu. Barua ina faida yake, mtu anaisoma mara mbili.

Baba yako


15 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za kikohozi? Mimi mzima, nimehamishiwa kwenye mashine kubwa ya kukunja mashuka, angalau nasimama karibu na dirisha.

Baba, mitihani ya wanafunzi imekwisha nchi nzima. Na mimi Jumapili zote hizi nikipiga naambiwa namba haipatikani. Huendi tena kwenye ngazi za jirani? Kama miguu inauma, sema. Ndiyo maana ya kile kisanduku.

Nataka sauti ya Mama tu. Aniulize nimekula nini, aniambie nimekonda hata kama hanioni. Dakika mbili zinanitosha.

Binti yako


1 Aprili

Chiriku,

Marahaba. Sote wazima.

Kisanduku tumekijaribu, hakikukubali. Taa iliwaka kidogo ikazima. Labda kimekuja na ubovu wake toka huko kiwandani. Tutaangalia.

Mama anasema unywe maji mengi.

Baba yako


18 Aprili

Baba,

Shikamoo.

Leo sitauliza hali kwa kirefu, kwa maana sijui tena kama majibu yako ni ya kweli. Kile kisanduku kimeandikishwa kwa jina langu. Kwenye simu yangu naona kama kinafanya kazi au la. Baba, hakijawahi kuwashwa. Hata dakika moja. Hakuna taa iliyowaka ikazima.

Sijawahi kukusikia ukisema uongo. Ulikuwa unarudi kazini kwa miguu kumfuata mtu uliyemkosea chenji. Kwa hiyo kama umeanza leo, lipo jambo kubwa kuliko waya.

Nauliza swali ambalo mtoto hapaswi kumwuliza baba yake kwa barua. Mama yu hai?

Nijibu hilo tu.

Binti yako


9 Juni

Binti yangu,

Marahaba, mwanangu, na unisamehe kwa ukimya huu. Mama yako yu hai. Ningeandika hilo siku ileile, ila kila nikiandika neno "hai" nilijua utaniuliza linalofuata, na linalofuata ndilo nimekuwa nikilikimbia.

Lilianza na sare za shule. Alishona shati lenye mikono mitatu. Tukacheka, yeye akacheka zaidi yetu. Wiki iliyofuata mwalimu mkuu akarudisha furushi zima, mashati mengine hayana tundu la kichwa. Kwa upole kabisa, hakusema neno baya. Mama akazigeuza zile nguo akaniuliza nani fundi mjinga kiasi hiki. Nikamwambia simjui.

Kisha akaanza kupotea humu humu ndani. Daktari amesema ni ugonjwa wa kusahau, na hauna kurudi nyuma. Kuna siku ananijua tangu asubuhi mpaka jioni. Kuna siku hanijui. Mwezi uliopita nilitoka posta na barua yako mkononi, akaniona mlangoni akasema, "Iweke hapo mezani, baba. Mume wangu hayupo, yuko kazini." Nilisimama kwenye mlango wangu mwenyewe. Nikamjibu, "Sawa, mama." Nikaiweka mezani, nikatoka nje, nikazunguka nyumba mara moja, nikaingia tena kama mume.

Picha yako ameishika akaniuliza mtoto huyu ni wa nani.

Sasa unaona. Mtandao mbovu ulikuwa unanisitiri. Ningeweza kukuambia amelala, amekusalimu, anasema unywe maji, na wewe ukabaki na mama yako kamili huko uliko. Nilijiambia kisanduku hiki kikiwaka tu, siku hiyohiyo utamsikia, na ukishamsikia hutaweza tena kumrudisha yule wa zamani kichwani mwako. Nilitaka mmoja wetu aendelee kuwa naye.

Mpangaji ndiye aliyenikuta nalia jikoni. Alisema, "Mzee, mama huyu ni wa binti yako pia." Barua hii ikikufikia, kisanduku kitakuwa kimewashwa. Utaona mwenyewe kwenye simu yako. Piga jioni, ndipo anapokuwa mtulivu. Ila jikaze, mwanangu.

Baba yako


28 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini nyote mmeamka salama, na kwamba jana baada ya simu Mama alilala.

Naandika kwa sababu ulitoka chumbani ulipompa simu, nami najua kwa nini ulitoka. Nataka ujue tulichozungumza.

Nilikasirika nawe, Baba. Nilisoma barua yako chooni kazini nikaichana, kisha nikaokota vipande nikaviunga. Miezi hiyo yote alinijua siku moja moja, na siku hizo nilizikosa. Nimelisema, limetoka. Sitalirudia.

Alipopokea alisema, "Nani?" Sauti yake ilikuwa karibu mno, kama amekaa kwenye kitanda changu. Nikasikia hata bangili zake. Nilikuwa nimejiandaa kusema "Ni mimi, Chiriku," lakini kabla sijafungua mdomo vizuri akasema, "Dada? Ni wewe, dada?"

Mama mkubwa alifariki nikiwa darasa la tano. Watu husema nina sauti yake. Akasema, "Dada, mbona huongei? Umenikasirikia?"

Nikamwambia, "Hapana, mdogo wangu. Nipo."

Akafurahi, Baba. Akaanza kunisimulia. Cherehani imekufa mkanda, mzee wa posta anakuja kila siku lakini ana adabu, hatazami ndani. Kisha akashusha sauti, kama watu wanaoteta. "Nina binti," akasema. "Yuko mbali. Hapigi."

Nikamwuliza, "Umemkasirikia?"

"Nimkasirikie vipi? Nilimtuma mimi. Alikuwa anataka kubaki, nikamwambia nenda, huku utaozea kwenye vitambaa kama mimi. Alipoondoka nikakaa chini ya meza ya kukatia nikalia mpaka nikashikwa na kiu. Usimwambie."

"Sitamwambia," nikasema.

"Ana maneno mengi," akasema. "Nyumba sasa imekuwa kimya."

Baba, mimi miaka yote hii niliamini aliona nafuu nilipoondoka. Hakunisindikiza hata getini. Unakumbuka, alisema ana kazi ya haraka.

Sitamsahihisha. Akitaka dada, nitakuwa dada. Nitapiga kila jioni zamu ikiisha. Nawe usitoke tena chumbani. Kaa usikilize.

Nimeomba likizo. Wanasema Oktoba.

Binti yako


30 Septemba

Chiriku wangu,

Sijui nikuulize hali vipi, kwa kuwa jana tu tumeongea na naijua. Umekula? Wenzako wa dobi wako nawe? Usikae peke yako.

Mimi niko. Nyumba bado ina watu, majirani wamekuja na viti vyao.

Nilipokupigia Jumanne kukuambia kuwa Mama yako ametutoka, nilitamani mtandao ungekuwa ule wa zamani. Ungekatikakatika, ungesikia nusu, nusu nyingine ungeijaza mwenyewe polepole. Lakini ulisikika wazi kabisa. Nilikusikia ulivyovuta pumzi usiitoe. Nilikuwa nimekaa palepale kitandani, nimemshika mkono, nawe ulikuwa humohumo chumbani nasi. Ulisema, "Niweke sikioni kwake." Nikakuweka. Sijui ulimwambia nini na sitauliza.

Naandika kwa sababu kuna jambo nililojaribu kukuambia kwa simu mara mbili nikashindwa.

Jumatatu, ile mara yenu ya mwisho kuongea, mlicheka sana. Ulimwuliza kama bado anaficha sukari. Mlipomaliza alinirudishia simu, akanitazama vizuri, akaniita kwa jina langu, ambalo sikuwa nimelisikia tangu Agosti. Akasema, "Yule si dada. Dada alikufa. Yule ni Chiriku, anajifanya."

Nikamwuliza, "Sasa mbona hukumwambia?"

Akasema, "Mwache. Ananipigia kila siku. Nikimwambia, ataanza kulia."

Akajifunika shuka akageukia ukutani. Asubuhi yake alikuwa amerudi kulekule, akaniuliza kama kuna barua. Kwa hiyo sijui ni mara ngapi alijua na ni mara ngapi hakujua. Labda ni hiyo moja tu. Nimeona ni yako, siwezi kukaa nayo.

Ukija Oktoba tutakwenda pamoja kaburini. Nguo zake sijazigusa, nakusubiri.

Mpangaji anahama mwezi ujao, amepata shule karibu na kwao, na internet ilikuwa kwa jina lake. Jana nimevaa shati la pasi nikaenda mwenyewe kuiandikisha kwa jina langu. Dada wa kaunta alikuwa na heshima, akaniuliza nyumbani tuko wangapi. Nikamwambia niko peke yangu. Akasema basi mzee, kwa mtu mmoja asiye na hata kompyuta, hii ni gharama ya bure. Nikamwambia aniandikie tu.

Piga jioni, kama kawaida. Nitapokea mimi.

Baba yako