Nyati Mpya na Gereji ya Mjomba

S.L.P. 214,
Boseja, Maun.
9 Julai 2025.

Mpendwa binamu yangu Lebotse,

Pokea salamu zangu kabla hujaanza kuucheka mwandiko. Hujambo huko Jwaneng? Kifua kimepona na lile vumbi la mgodini, au bado unakohoa kama mbuzi mzee? Sisi huku wazima. Mama anakutaja kila siku, kwa hiyo ukipaliwa na uji ujue ni yeye. Yale maji ya mto ya kila mwaka yamefika wiki iliyopita, na Boseja nzima iko ukingoni na ndoana, hata wale wasiojua samaki ana kichwa upande gani.

Ningekupigia, lakini simu zangu hupokei. Basi utasoma. Nimempa barua shangazi Mmaphefo anayekuja huko kwa basi, na nimemwambia asiondoke mlangoni kwako mpaka aone umeifungua.

Binamu, sina raha. Siku ya nne leo nakaa nasimama, nakaa nasimama, chai inanipolea mkononi. Kisa ni gari.

Mwenye kambi ya watalii ninayemwendeshea magari ameletewa ile Nyati mpya iliyoundwa upya, gari moja tu, la kujaribu. Akanipa mimi ufunguo. Lebotse wee! Wamelirudishia umbo la sanduku, na taa za mviringo, kama lile tulilokuwa tukilichora mchangani na kugombea nani dereva. Injini ni ndogo kuliko ya zamani lakini ina hasira. Ule mchanga wa njia ya Mababe, unaotutoa jasho na koleo kila mwaka, nimeupita nikiwa natafuna nyama. Unabonyeza kitufe, gari linajitambalia lenyewe, wewe mguu umekunja tu. Siku ya kwanza nilifika nyumbani nikabaki ndani nusu saa, mke wangu akaja kuuliza kama nimehama.

Kasoro zipo, sitakuficha. Kile kioo cha skrini mbele ya dereva, kinachoonyesha kila kitu cha gari, ni kikubwa kama sinia la harusi, na jua la saa nane likikipiga huoni kitu. Tairi la akiba wamelifunga chini ya tumbo. Sasa ukikwama kwenye matope utalitoa vipi, kwa meno? Lakini nalipenda, bwana. Nalipenda mpaka naona aibu.

Shida iko hapa. Mwenye kambi anataka neno langu kabla ya mwisho wa mwezi. Nikisema ndiyo, yale magari sita ya zamani yanauzwa na mahali pake yanakuja haya. Na yale sita yanatengenezwa wapi, unajua. Kwa mjomba, baba yako. Wateja wengine wamekwisha kumkimbia. Mtu aliyenifundisha kushika spana, mimi niende nikamfungie gereji kwa mdomo wangu mwenyewe?

Jumamosi nikamchukua mjomba nimtembeze, nikidhani labda atalichukia, nami nipate sababu. Tulipofika kwenye kivuko, maji yalikuwa yamejaa. Sheria unaijua: maji usiyoyatembea kwa miguu usiyaingie na gari. Miaka kumi na mitatu ya kazi sijawahi kuivunja. Siku hiyo sikushuka. Kioo kiliniambia kina ni cha magoti, nikakiamini, nikatia gia.

“We Moagi, umeota mkia?” mjomba akafoka. “Simama!”

“Mjomba, hili linajipimia maji lenyewe.”

“Limekwambia chini kuna nini?”

Nikakanyaga breki. Akavua viatu, akakunja suruali, akakata fimbo, akaingia na lile goti lake bovu, huku mimi nimekaa kwenye kiti chenye kiyoyozi kama bwana harusi. Niliona haya nikashuka nikamfuata. Hatua kumi mbele yetu, pale pale nilipokuwa naelekea, fimbo ikazama yote. Mfereji uliochimbwa na viboko wakipita. Ningelizamisha gari la watu, na mjomba yumo ndani.

Hakunitukana, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alichomeka matete kuonyesha njia ya kushoto, tukarudi, tukapita. Na hapo, binamu, lile gari lilivuka vizuri ajabu! Mjomba alipiga dashibodi kofi. “Hili dume!” akasema, anacheka meno yote nje.

Ng'ambo akaniambia nifungue boneti. Ndani plastiki tupu, imefunika kila kitu. Amesimama pale na spana yake mkononi, anazunguka upande huu, anainama upande ule, anatafuta pa kuiweka. Hapakuwa na mahali. Nilitamani ardhi inimeze.

“Linafunguliwa vipi?” akauliza.

“Kwa kompyuta, mjomba.”

Akairudisha spana mfukoni. “Yule mtoto alisema,” akasema.

Miaka mitatu hajakutaja, tangu siku ile ulipomletea kompyuta yako, naye akakuambia gari husikilizwa kwa sikio, mwenye kompyuta akatafute kazi benki, nawe ukapanda basi bila kuaga. Nilimwambia nitasema hapana kwa mwenye kambi. Akanigeukia kama anataka kunizaba kibao. “Useme uongo kwa ajili yangu? Gari ni zuri. Kaseme ni zuri.”

Basi nitasema. Lakini mwenye kambi ameniuliza kama kuna fundi wa magari haya hapa Maun, la sivyo ataandikiana mkataba na watu wa Gaborone. Mimi namjua mmoja. Yuko Jwaneng, anatibu malori makubwa kama nyumba kwa kompyuta ile ile aliyofukuzwa nayo. Sikulazimishi. Ila usiniache na jambo hili peke yangu, nimechoka.

Mama anakusalimu, na mke wangu, na mtoto wetu Oduetse, ambaye amezaliwa ukiwa huko na sasa anakimbia. Baba yako hajui kama nakuandikia. Akijua atanifuata na nyundo, kwa hiyo salamu zake sina. Ila jana nilipita gerejini nikamkuta anahamisha vyuma vyake kutoka upande mmoja wa meza, ule wa karibu na soketi ya umeme. Ameupangusa mpaka mbao zinaonekana. Nikamuuliza hapo anakuja kukaa nani. Akaniambia nisogee, namzibia mwanga.

Mungu akulinde barabarani, na mvua zikukute nyumbani.

Ni mimi nikupendaye hata ukinikatia simu,
Moagi.