Wimbo wa Bi Kazija Umekwenda Norwe na Kurudi

Makame,

Ulikufa kabla mwaka uliojiwekea wa kujifunza muziki wa Norwe haujaisha. Uliuanza Septemba, ukanipa sharti: ukiumaliza utanisimulia, ukishindwa nikumalizie. Februari tulikuzika. Hii basi ni taarifa ya sehemu iliyobaki, kutoka kwa mtu uliyemwita Bi Habari hata siku ambazo hakuwa na habari yoyote.

Nianze ulipoanzia wewe, nisije nikakosea. Ulikuwa unaendesha basi la kwenda Edmonton, hapa hapa London. Msichana mmoja wa Kinorwe alikuwa amepakata sanduku la fidla, na kituo cha mwisho ukatoka kwenye usukani ukamwomba akuonyeshe. Sunniva akalifungua. Ukaona nyuzi nyingine chini ya zile za kawaida, nyuzi ambazo upinde hauzigusi kamwe. Za juu zikipigwa, za chini hulia zenyewe. Ukanipigia simu hapo hapo. "Bi Habari, Wanorwe nao wana waitikiaji! Wamewaficha ndani ya fidla."

Lakini kilichokunasa si hicho. Sunniva alikuambia kwamba kwao mpigaji husema kwanza wimbo ameupata kwa nani, ndipo hupiga. Wewe, mpiga fidla wa harusini uliyewahi kuzozana na bendi nzima mbele ya bwana harusi kwa sababu hawakumtaja mtunzi, ukaona umepata ndugu. "Wimbo usio na jina hukupewa," ulikuwa ukisema. "Umeuokota."

Jikoni kwako ukamfundisha wimbo ule ambao shangazi yako Bi Kazija aliwaimbia maharusi wa kwenu Wete. Nilipotoa kinasa sauti ulinifukuza. "Weka hicho. Mwenzio anajifunza, harekodiwi."

Matokeo yake nayaeleza bila lawama. Ulipoondoka, hapa London hakuna aliyeweza kuupiga wimbo ule isipokuwa Sunniva. Binti yako Rahma aliacha fidla akiwa bado shule. Baada ya matanga aliniambia, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba anaukumbuka mwanzo tu, halafu giza.

Kiangazi Sunniva alikwenda kwao kwenye mashindano ya wapiga fidla. Wimbo wako haukuingia jukwaani, kwa kuwa si wa asili yao, na sheria ni sheria. Aliupiga baadaye kwenye ukumbi wa chakula, wenzake wakaudaka. Wameuongezea mguu, hupiga huku wakikanyaga sakafu. Ungecheka, kisha ungewasahihisha.

Mwisho wa kiangazi nikamwona kijana wa huko kwenye video. Akaupiga vizuri. Kabla ya kuanza alisema ameupata kwa Sunniva. Basi. Wewe hukuwemo. Bi Kazija hakuwemo. Hakusema uongo, alimtaja aliyempa. Ila mimi nimezeeka katika kazi hii ya redio, najua jina linavyodondoka. Mara nyingi haliibwi. Linafupishwa. Muda kidogo tu na ungekuwa wimbo wa Sunniva, na Bi Kazija angekuwa hajawahi kuimba.

Nikampigia Sunniva. Akasema atawaambia wote kule, mmoja mmoja, lakini kuna mtu wa hapa hapa ambaye lazima aanze naye. Jumamosi iliyofuata alikuwa mlangoni kwa Rahma, na fidla begani. Akamfundisha hivyo kila Jumamosi, vuli nzima. Jirani wa chini aligonga dari mwanzoni. Sasa hagongi.

Juzi tulikuwa harusini, ukumbi ule ule wa Edmonton uliozoea kupigia, wenye pazia lililokwama nusu. Rahma akasimama na fidla yako. Mtoto aliyekujibu kwa Kiingereza maisha yake yote akasema: "Wimbo huu nimepewa na Sunniva. Sunniva alipewa na baba yangu, Makame. Baba alipewa na Bi Kazija wa Wete."

Bi Saada, unamjua, akauliza kwa sauti kutoka meza ya akina mama: "Huyo Sunniva naye ni wa Wete au wa Chake?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Sunniva, aliyekaa nyuma na kanga ya kuazima mabegani, akapunga mkono.

Kisha Rahma akapiga. Alikosea katikati, akarudi nyuma, akapita. Fidla yako haina nyuzi za chini. Alipofika pale ambapo wewe ulikuwa ukifumba macho, Bi Saada akaitikia, maneno na yote, na meza nzima ikamfuata. Kumbe walikuwa nao siku zote. Hakuna aliyewahi kuwauliza, hata mimi ambaye kuuliza ndiyo kazi yangu.

Nimeandika kipindi kuhusu mwaka huu. Mhariri kakisoma akaniambia, "Dada, majina manne kwa wimbo mmoja? Punguza." Sikupunguza.

Pumzika, Makame. Mwaka wako umetimia, na deni la simulizi nimelilipa. Kila nitakapoutaja wimbo huu hewani nitaanza na Bi Kazija, nije kwako, nipite kwa Sunniva, nimalizie kwa binti yako. Na kama muda utaniishia, watanikata baada ya majina.

Bi Habari wako