Kebo Iliyovutwa kwa Ngoma

Kiseke, Mwanza
Jumapili, baada ya misa

Kwa kaka yangu Shigela,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu mama alitulea hivyo, si kwa sababu mwezi huu unaistahili. Natumaini u mzima na koo lako limepona baada ya kazi kubwa uliyoifanya uwanjani Bujora. Mimi sijambo, watoto hawajambo, na shemeji yako hajambo pia, isipokuwa siku hizi anaimba chini chini bafuni akidhani simsikii, nami najua anaimba nini. Mama je, mguu umepungua uvimbe? Nauliza kwa barua kwa kuwa umenikataza kufika kwake, na namba yangu umeifungia kwenye simu yako na kwenye simu yake pia. Barua hii nampa Bernadeta mkononi nikimkuta Nyakato akitoka kazini. Mkeo bado ananiita wifi. Ameniambia kabisa kwamba ataisoma kabla hujaisoma wewe, nami nimemwambia asome.

Umenitumia ujumbe kwamba Jumamosi wazee wa ukoo watakaa kikao, kwamba nije nipige magoti mbele yao, niombe radhi, halafu nirudi kazini nikaipitishe ile kebo niliyoikataa. Nisipofanya hivyo, nisikanyage tena mji wa mama. Ninakujibu kwa maandishi ili usije ukasema nilisema jambo jingine. Sitakuja. Na kwa kuwa wazee watataka kusomewa barua hii, nitaeleza toka mwanzo, taratibu, ili hata baba mdogo Masele aelewe kabla usingizi haujamchukua.

Wazee, shikamooni. Mtambo unaojengwa huko rasini kwetu ni wa nyuklia. Joto lake si la jiko, kwamba ukitoa kuni limekwisha. Hata mtambo ukizimwa, ile nishati iliyomo ndani inaendelea kutoa joto kwa muda mrefu, na lazima ipozwe kwa maji, la sivyo mambo yanaharibika kwa namna ambayo sitaki kuieleza mbele ya watu wazima wenye presha. Maji yatatoka ziwani, yatasukumwa na pampu, na pampu zinataka umeme. Siku umeme wa kawaida ukikatika, na nyinyi mnajua unavyokatika, jenereta zitawaka na kuupeleka umeme kwenye pampu kwa kebo nene kama mkono wa Shigela. Kebo hiyo inapita kwenye bomba chini ya ardhi, inaingia kwenye ukuta wa zege, na humo ndani inapiga kona. Ndiyo tunayogombania. Mimi ni mkaguzi wa ulazaji wa kebo. Sizilazi mimi, kazi yangu ni kuwasumbua wanaozilaza.

Kebo ya namna hiyo haivutwi kama ng'ombe aliyekwama topeni. Inavutwa na winchi, polepole, bila kushtuliwa, na kuna kipimo kinachoonyesha nguvu inayotumika kila wakati. Nguvu ikizidi, shaba ya ndani inarefuka na kuwa nyembamba, au ganda linachanika pale kwenye kona, mahali pasipofikika kwa macho. Unaweza kuipima leo kwa umeme ikafaulu, kisha ikakuangusha miaka mingi baadaye, siku hiyo hiyo unayoihitaji.

Sasa narudi kwako, kaka. Winchi iliharibika katika wiki ambayo wageni wakubwa walikuwa wanakuja kutazama ujenzi. Mhandisi Muganyizi wa kampuni yenu ya kebo, ambaye hata habari za asubuhi huzitoa kama mtu anayegawa zawadi, alitaka wageni waikute kazi imekwisha. Akakuuliza wewe, msimamizi wa wavutaji, kama inawezekana kuvuta kwa mikono. Nimeambiwa jibu lako lilikuwa kwamba watu wanaomaliza shamba zima kwa ngoma hawawezi kushindwa na waya. Ukaleta wenzako wa ngoma, watu wa chama chenu cha Bagika watupu, ukasimama juu ya lile gurudumu la kebo kama manju anayewaongoza wakulima kwa wimbo, ukaanzisha bugobogobo, ngoma yetu ya kulimia. Ngoma ilipopiga, wote walivuta kwa pamoja. Iliponyamaza, wakapumua, kisha wakavuta tena. Jembe linapenda hivyo, kaka, na ndiyo maana babu zetu walilima kwa ngoma. Kebo haipendi. Kila pigo la ngoma ilikuwa ni kuishtua, na wala hukuona kosa, kwa sababu tangu utoto hujaona kazi nzito ikifanywa kwa njia nyingine.

Mimi nilikuwa upande wa pili wa eneo nikikagua trei za kulazia kebo. Niliposikia ngoma nilidhani kuna msiba. Nilipofika, mkia wa kebo ulikuwa unamalizikia bombani, wageni wanapiga makofi, kila mtu ameinua simu anarekodi, na Muganyizi, Mhaya wa watu, anajaribu kucheza. Sitakudanganya, ilipendeza. Kati ya watu wote pale, mimi peke yangu nilikuwa na uso wa mtu aliyekuja kufunga duka.

Niliuliza kipimo cha nguvu kilisoma ngapi. Muganyizi akasema hakikufungwa, kwani hakukuwa na winchi ya kukifungia. Ndipo wewe ukanijibu mbele ya watu wote, kwa sauti ile unayoitumia uwanjani: "Kija, mimi kamba ikilemewa nasikia kwa mikono." Sikubisha kwamba unasikia. Nilikuuliza mtu atakayekuja kuiangalia kebo hiyo sisi tukiwa tumeshazikwa, yeye atasikia kwa mikono ya nani. Watu walicheka, na najua hilo ndilo lililokukaa rohoni kuliko hata kebo yenyewe. Siku ile ile niliikataa.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Muganyizi aliyekutuma akageuka akasema ngoma ilikuwa wazo lako, kikundi chako kikasimamishwa, na wewe ukavuliwa usimamizi. Ukaja kwangu Kiseke. Chai uliikataa, kiti ulikikataa, ukasimama mlangoni ukaniambia mbele ya watoto wangu kwamba shule imenila utu. Nilidhani ukishasema yatakwisha. Nilisahau kwamba wewe huwa humalizi maneno mpaka uyatie kwenye wimbo.

Tangu lini, Shigela? Kila mwaka kwenye sherehe ya Bulabo pale Bujora, Bagika huwaimba wapinzani wao Bagalu, na Bagalu huwajibu Bagika, wanatukanana mpaka jua linazama kisha wanakwenda kunywa. Mwaka huu uliwaacha Bagalu wapumzike ukaniimba mimi, mtoto wa mama yako, kwa jina langu na kazi yangu. Kwamba Kija amesoma mpaka amepofuka. Kwamba ameona kidonda kwenye ngozi isiyo na kidonda. Kwamba amekata kamba ya nyumba aliyozaliwa. Nasikia hata Bagalu walikupigia makofi, jambo ambalo halijawahi kuonekana. Sasa wimbo uko kwenye simu za watu. Muuza sato niliyenunua kwake miaka yote aliniimbia kipande sokoni huku ananipimia, na mwanangu mdogo aliuleta nyumbani kutoka shuleni bila kujua anayeimbwa ni nani. Niliingia chumbani nikalia kwa hasira. Nakuandikia hivyo uelewe kwamba lengo lako ulilifikia. Na nimekuchukia, kaka. Sijawahi kukuchukia kabla ya hapo, hata uliponiumiza tukiwa wadogo, lakini wiki zile nilikuchukia mpaka nikawa sipendi hata kusikia ngoma redioni.

Umewaambia wazee kwamba ninakuonea wivu kwa kuwa baba alikuachia ngoma zake. Baba alikuachia wewe ngoma, mimi akanisomesha, na tangu hapo kila mmoja anaamini mwenzake ndiye aliyependwa. Hilo siwezi kulimaliza kwa barua. Lakini usilitumie kueleza kebo, halihusiani na kebo.

Hapa namwomba Bernadeta akae chini, na wazee wamwamshe baba mdogo Masele, kwa maana nafika kwenye jambo ambalo hakuna hata mmoja wenu anayelijua.

Baada ya kuikataa kebo, mkuu wetu wa ubora, Mama Immaculata, aliagiza ikatwe na ichunguzwe. Tulikata mwishoni, na tukakata tena kwenye shimo la ukaguzi lililo karibu na ile kona. Kisu nilishika mimi. Nilibandua ganda la nje, kisha la ndani, tabaka baada ya tabaka, mpaka shaba. Nilipitisha kidole. Nilirudia nikiwa nimevaa miwani, halafu nikamwita Mama Immaculata naye akatazama. Hakukuwa na mchaniko, hakukuwa na waya uliorefuka, hakukuwa na kitu chochote. Kebo ilikuwa nzima. Hukujua, uliimba kwa hasira tu, lakini uliyoyaimba yalikuwa kweli. Nilitafuta kidonda nikakuta ngozi isiyo na kidonda.

Mama Immaculata akaniita ofisini akafunga mlango. Akasema kipande ni kizima, vipimo vya umeme vimefaulu, na kwamba nikiamua kuikubali yeye atasimama nami, hakuna atakayeninyooshea kidole. Vipande vilivyokatwa vingeungwa upya, kazi ndogo. Kikundi chako kingerudi, na wewe ungerudi kwenye usimamizi wako. Akaniambia, "Uamuzi ni wako, Kija, na ni ndugu yako."

Nikaikataa mara ya pili.

Kwa hiyo acha kuwaambia watu kwamba wakubwa ndio walionituma, au kwamba niliogopa kazi yangu. Hakuna aliyenilazimisha. Ningeweza kukuokoa, na ningeokoka pamoja nawe, na bado nikasema hapana. Tulikata mahali palipofikika tu. Kona yenyewe imo ndani ya ukuta na huwezi kuiona bila kuubomoa. Kebo ya pampu ile haikubaliwi eti kwa sababu hatukuona imeharibika, inakubaliwa kwa sababu tunajua ilivyovutwa, na ya kwako hakuna anayejua, hata wewe na mikono yako. Nilijiuliza ningefanya nini kama aliyeivuta angekuwa mtu wa Geita au wa China nisiyemfahamu, na jibu lilikuja upesi sana. Halafu nikatoka nje. Ukisimama kwenye mlango wa nyumba ya pampu unaona ng'ambo ya ghuba bati la nyumba ya mama, na mbele yake mkeka anaokalia siku nzima kwa sababu ya ule mguu. Watu wote wa rasini wanaweza kuambiwa wakimbie. Yeye hawezi kukimbia.

Basi sitapiga magoti. Tena Jumamosi hiyo ya kikao chenu mimi niko kazini, kwa sababu kebo inatolewa siku hiyo. Na hapo nina neno la mwisho, ambalo nimeliandika na kulifuta mara nyingi.

Winchi mpya imekuja lakini imeshindwa. Kebo imekwama kwenye kona, na mashine ikifika kikomo chake inajizima. Muganyizi anataka tuagize winchi kubwa zaidi kutoka Dar es Salaam, itoe kebo taratibu kwa kipimo, ili sehemu ya konani itoke kama ilivyo na ijulikane kama uliiharibu. Anataka jina lako litajwe kwa ushahidi, yeye abaki msafi. Nimemkatalia. Nimemwambia kebo imeshakataliwa, ni chuma chakavu, bomba lile halina kebo nyingine ya kuumia, basi na ivutwe na watu walioiingiza, kwa ngoma yao. Mama Immaculata amekubali, Muganyizi amenuna.

Unaelewa maana yake. Mkiivuta kwa ngoma itatoka, lakini itakuwa imeshtuliwa mara ya pili. Kama ina kidonda hatutajua ni cha siku ipi, na kama ungethibitika kuwa mtu safi, nafasi hiyo nayo itapotea. Hakuna atakayeweza kusema tena kwamba Shigela aliiharibu. Hakuna atakayeweza kusema kwamba Kija alimharibia kaka yake kazi kwa kebo nzima. Nimekaa na uamuzi huo wiki nzima na bado sijui kati yetu wawili ni nani niliyemkinga.

Njoo au usije. Ukija, njoo na Bagika wako wote, na wazee waje na viti vyao, wakifanyie kikao pale pale kwenye mdomo wa bomba. Mimi nitakuwa nimesimama hapo hapo, na mwimbe mnachotaka, hata wimbo wangu. Ila beti zake ni fupi mno, zinafaa kutukana tu. Kwa kebo iliyokwama mnahitaji kitu kirefu, ongeza maneno mengine hata kama ni ya kunitukana.

Mpe mama shikamoo yangu, umwambie sijamsusa, nimezuiwa tu. Wasalimie watoto wako mmoja mmoja. Mwambie Bernadeta asante kwa kubeba mzigo huu. Shemeji yako anakusalimu, ingawa mimi sikumtuma.

Ni mimi mdogo wako, niliyekukasirikia na bado nimekukasirikia,

Kija