Njia ya Nansio Haikufungwa

Rafiki yangu Masatu,

Ile njia yako haikufungwa. Nimeanza na hilo kwa kuwa najua usingekuwa na subira ya kusikiliza kwanza habari za ndugu na majirani.

Ulituacha katikati ya mabishano kama ifungwe au ibaki. Nivumilie nikukumbushe, unanijua, lazima nieleze. Madaktari wetu wanaosomea ubingwa wa magonjwa ya ndani huanza pamoja, wodi zile zile, raundi zile zile. Kisha njia zinagawanyika. Wapo wanaojiandaa kubobea zaidi, kwenye moyo au figo. Wapo wanaoelekea kwenye utafiti na kufundisha. Ya tatu ni yako: kuvuka ziwa, kukaa Nansio kisiwani kwenu miezi mingi na kutibu kila anayeletwa. Vijana waliiita njia ya sato, eti anayeipita hurudi na samaki wengi na elimu kidogo. Ulicheka kuliko wao.

Baada ya mazishi yako, wakubwa wa hospitali waliamua kusubiri mtihani wa mwisho wa Minza, yule binti wa Sengerema, kwa kuwa ndiye wa kwanza kuimaliza. Akifeli, njia inafungwa. Unakumbuka alivyojibu tulipomuuliza kwa nini ameichagua? "Hapa nikipata mgonjwa wa figo, watu wa figo wananinyang'anya. Nansio wote wangu." Ukapiga meza: "Huyu ana njaa! Mpeni!"

Siku ya mtihani nilikwenda, mstaafu mimi, nikaketi nyuma. Akapewa mzee mmoja wa visiwani amchunguze, amekonda mikono, tumbo limejaa maji. Unajua hapa kwetu ziwani tumbo la namna hiyo huleta jina moja vichwani: kichocho, kilichoharibu ini. Hata mimi nilishalitaja kimoyomoyo. Minza akamwamkia shikamoo, akamwinua kidogo kwenye mito, akaanza kumtazama shingo. Akatazama tu. Mtahini mmoja akakohoa. Niliogopa, Masatu. Niliona miaka yako yote ya kubishana ikiishia pale, kwenye shingo ya mzee mmoja.

Ndipo akasema. Mishipa ya shingo imejaa, na mzee akivuta pumzi inapanda badala ya kushuka. Kwa hiyo shida haikuanzia kwenye ini. Utando unaofunika moyo umekuwa mgumu na unaubana. Huenda ni kifua kikuu cha zamani.

Mtahini aliyetoka mbali akamuuliza, "Nani alikufundisha kuanza na shingo?"

"Mwalimu wangu wa Nansio. Nikigusa tumbo kabla ya kuangalia shingo, alikuwa ananichapa kakofi mkononi."

Watahini wakacheka. Mimi sikuweza. Nilitazama dirishani mpaka macho yakakauka.

Kipimo cha moyo kilionyesha vile vile. Mzee ameanza dawa, na anayemwandaa kwa upasuaji ni kijana wa ile njia ya moyo, aliyekuwa darasa moja na Minza. Sasa wanapigiana simu kila siku kuhusu huyo mzee. Hicho ndicho ulichokuwa ukitueleza, kwamba njia hizi zinategemeana, nasi tukidhani unatetea kisiwa chenu tu.

Minza amefaulu. Njia imebaki, na mwaka huu wawili wameiomba kabla hata hawajaulizwa. Yeye amepewa nafasi yako ya kufundisha kule, akaniomba nimsindikize mwanzoni. Nimekwenda. Juzi, mbele ya wanafunzi, nilikuwa nagonga mgongo wa mgonjwa kusikiliza kama kuna maji, Minza akanikatiza: "Babu, mbona unagonga kama unabisha hodi kwa mkwe? Gonga!"

Masatu, maneno hayo ni yako. Umenitania nayo tangu tukiwa vijana, ukisema sisi Wasukuma tuna adabu hata kwa mapafu. Sikuwahi kumsimulia. Basi ulimrithisha hata matusi! Nilicheka, kisha nikagonga kwa nguvu.

Nakuahidi jambo moja. Nitakaa naye mpaka aizoee wodi, halafu nitamwachia. Sitamsimamia mlangoni, sitachungulia, hata nikisikia anakosea. Itaniuma, lakini wagonjwa wale wote ni wake.

Pumzika, ndugu yangu. Wagonjwa wako wana mtu.

Mwenzako wa raundi,
Maduhu